Chumba Kiwe na Mtu Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Muhula wa mwisho umeanza leo, nami nimenunua daftari hili ili nipate mahali pa kugombana bila kujibiwa.

Hali yenyewe ni hii. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto. Kwa miaka sita nimekuwa kaimu msimamizi wa wodi, maana yake lawama zote ni zangu ila cheo si changu. Miaka mitatu iliyopita ikaja amri kwamba msimamizi wa wodi lazima awe na shahada. Makaimu tukapewa hadi mwisho wa Juni mwaka huu, baada ya hapo kila mtu arudi pale karatasi zake zinapomfikisha. Nikajiandikisha chuo cha mtandaoni. Tangazo lao lilikuwa na mwanamke anayecheka mbele ya kompyuta, kikombe mkononi, na maneno makubwa: "Soma kwa muda wako." Tangu nijiunge nautafuta huo muda wangu, sijauona. Wa hospitali nauona, wa mume nauona, wa mama mkwe nauona kuliko yote.

Limebaki somo moja tu, Uongozi na Usimamizi wa Huduma. Ni kazi ninayoifanya kila siku, na sasa nafundishwa ili niruhusiwe kuendelea kuifanya.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua imeanza. Mtandao umekwisha.

Jumamosi, 8 Machi

Mhadhara wa kwanza. Mwalimu wetu tumempa jina la Dokta Mnanisikia, kwa sababu hamalizi sentensi mbili bila kuuliza "Mnanisikia?", na tukimjibu hatusikii.

Nasomea chumbani, kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi, maana sebule imetekwa na cherehani. Mama mkwe wangu alikuja mwaka jana kutibiwa macho. Macho yalipona, yeye akabaki, na cherehani yake ikamfuata juu ya lori la mume wangu, ambaye ni dereva wa masafa marefu na hapa nyumbani ni mgeni mwenzangu. Mama anashona sare za shule. Sina ugomvi na cherehani. Ugomvi wangu ni mlango. Mama hajui hodi. Anaingia chumbani kwetu kama anayeingia jikoni, na ukimgusia anakuuliza, "Nyumba ya mwanangu, nibishe hodi kwa nani?"

Leo akaingia katikati ya mhadhara, uzi ukining'inia mdomoni. Akauona uso wa Dokta kwenye kioo. Akautoa uzi, akafuta mikono kwenye gauni, akainama mbele ya kamera.

"Hujambo, mwanangu? Habari za huko?"

Dokta akakohoa. "Eee... mnanisikia?"

"Nakusikia vizuri kabisa. Umekula?"

Nikafunga kamera. Nikamwambia, kwa upole nilioutoa sijui wapi, kwamba yule ni mwalimu na pale ni darasani.

"Mgeni aje, nimpite kama gogo?"

"Mama, hajaja. Yuko kwake."

"Yuko kwake, mbona namwona chumbani kwako?"

Niliporudi darasani mtu alikuwa ameandika, "Mwambieni bibi sisi wengine bado hatujala." Nimeaibika vya kutosha kwa muhula mzima, na hii ni wiki ya kwanza.

Jumanne, 11 Machi

Kila wiki lazima tuandike maoni kwenye jukwaa la majadiliano, kisha tuwajibu wenzetu wawili. Bila hivyo alama zinakatwa. Matokeo yake ni watu wazima, wengine wana wajukuu, kushinda wakiandikiana "Nakubaliana na mwenzangu." Watatu wiki hii wametoa jibu lile lile, neno kwa neno, kwa sababu wamemuuliza roboti yule yule wa kwenye simu. Mmoja hata hakujisumbua kufuta mwanzo: "Hakika! Hili hapa jibu zuri kwa swali lako." Nikamjibu kwamba nakubaliana na mwenzangu.

Jumapili, 16 Machi

Kazi ya kikundi. Tuko wanne, na kiongozi wetu amejichagua mwenyewe. Namwita Mheshimiwa. Ni afisa utumishi sehemu fulani na kila ujumbe wake huanza, "Waheshimiwa wanakikundi." Kila alfajiri anatuma picha ya ua lenye umande na maneno "Mvumilivu hula mbivu." Sehemu yake ya kazi hajaituma. Yuko safarini.

Ijumaa, 28 Machi

Kazi ya kikundi nimeifanya peke yangu. Mheshimiwa amechangia jina lake, akaliweka la kwanza.

Alhamisi, 10 Aprili

Paa la chumbani limeanza kuvuja, juu kidogo ya kitanda. Mume wangu kwa simu: "Nikirudi nitapanda." Alisema hivyo masika iliyopita. Nimeivuta meza ya pasi hadi ukutani. Mama amesimama akatazama dari muda mrefu, akasema, "Maji yana akili, yatahama." Nikamwambia ninasoma.

Alhamisi, 17 Aprili

Moduli ya leo inasema, "Msimamizi bora hukasimu majukumu kwa wasaidizi wenye uwezo." Niliisoma kwenye simu, chooni hospitalini, ndiyo maktaba yangu. Nje tulikuwa wauguzi wawili kwa wodi nzima, watoto wawili wawili kitanda kimoja, na msaidizi mwenye uwezo alikuwa mimi. Nikajikasimia.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa amefua sare yangu ya kesho. Angefanya jambo jema ambalo lingenikera kidogo tu, ningemshukuru. Lakini aliitoa ile sare chini ya vitabu vyangu, na sasa sijui nilifika ukurasa gani.

Jumatatu, 12 Mei

Sheria za mtihani zimekuja. Mtihani tunafanyia nyumbani, tunatazamwa kwa kamera. Kuna msimamizi anayekuona, na kuna programu inayokusikiliza. Kabla ya kuanza uzungushe kompyuta waone kuta, kitanda, chini ya meza. Usitazame pembeni. Usinong'one. Chumba kiwe na mtu mmoja. Ukizungumza na mtu yeyote, mtihani unafungwa papo hapo na utajieleza mbele ya kamati.

Kituo cha kufanyia mtihani kipo, lakini ni safari ya siku nzima, na likizo Matroni wa hospitali amenikatalia. Basi ni hapa hapa.

Nikaitisha kikao cha nyumba: binti yangu, Mama, na mume wangu kwenye spika. Nikawasomea sheria zote. Binti alisema sawa bila kuinua macho. Mume akasema hakuna shida, kwake hakuna shida, yuko kilomita mia saba. Mama alisikiliza akiwa ameshika mikono mapajani kama mtu aliye msibani.

"Kwa hiyo nikiingia tu, umefeli?"

"Ndiyo, Mama."

"Hata nikiwa sisemi?"

"Hata ukiwa husemi."

"Basi siku hiyo mimi sipo," akasema.

Ijumaa, 23 Mei

Kesho. Najua kila kitu na sikumbuki chochote.

Jumamosi, 24 Mei

Niyaandike haya kabla sijaanza kuyapindisha.

Nyumba ilikuwa kimya tangu asubuhi kuliko nilivyowahi kuisikia. Mama aliifunika cherehani kwa shuka. Alimkalisha binti yangu jikoni. Alikaa mwenyewe kibarazani kuwazuia wanaokuja kuchukua sare, na nilimsikia akimnong'oneza mteja, "Nenda, kuna mtu anafanyiwa shahada humu ndani." Nilicheka peke yangu. Hilo nalo likanituliza.

Mtihani ukaanza. Msimamizi alikuwa msichana mwenye vidude masikioni, akaniambia nizungushe kompyuta, nikazungusha. Swali la kwanza, la pili, la tatu yakaenda kama maji. Nilikuwa nafaulu. Nasema kwa kinywa kipana, nilikuwa nafaulu.

Swali la nne mvua ikashuka yote kwa pamoja. Maji yakahama kweli, kama alivyosema. Tone la kwanza lilianguka ukingoni mwa meza ya pasi. Sikuweza kutazama juu, maana kutazama juu ni kosa. Nikaivuta kompyuta polepole kwa kidole kimoja huku naandika habari za kutatua migogoro kazini.

Mama naye, kibarazani, aliiona mvua akakumbuka dari. Akachukua beseni. Akafika mlangoni. Na hapo, mama huyu ambaye tangu aje hajawahi kubisha mlango hata mara moja, mama ambaye nimemlilia hodi mwaka mzima, akasimama nje ya mlango uliofungwa akasema kwa sauti ndogo, ya heshima kabisa:

"Hodi."

Nami nikajibu, "Karibu, Mama, pita."

Sikuwaza. Mdomo ulijibu wenyewe, mimi nilikuwa nimo ndani ya swali la nne. Mlango haukuwa umefunguka bado, kioo kikageuka chekundu. "Mazungumzo na mtu mwingine yamebainika. Mtihani umefungwa." Msichana wa vidude akaniambia samahani mama, akapotea.

Mama akaingia na beseni lake, akaliweka pale pale tone linapoanguka, akarudi nyuma kwa ncha za vidole. Alinionyesha kwa ishara kwamba hasemi neno.

Nikamwambia, "Sema tu, Mama. Imekwisha." Kisha nikamwambia mengine ambayo sitayaandika.

Jumapili, 25 Mei

Sisemi na mtu.

Jumatatu, 26 Mei

Bado.

Jumatano, 28 Mei

Barua ya chuo: nimetuhumiwa kuzungumza na mtu asiyeruhusiwa. Nijieleze kwa maandishi. Nisipoeleweka, somo zima narudia mwakani. Mwakani wodi itakuwa na mwenyewe.

Mheshimiwa akanipigia simu. Ndiyo mara ya kwanza nimesikia sauti yake, na hakuwa safarini.

"Mheshimiwa, usijieleze kwa ukweli," akasema. "Ukweli hawana mahali pa kuujaza. Angalia ile orodha ya sababu kwenye fomu yao. Kuna 'kuishi na mgonjwa wa akili.' Weka hiyo. Mimi muhula uliopita niliweka baba mdogo."

"Baba yako mdogo ni mgonjwa?"

"Baba mdogo ni hakimu mstaafu. Lakini nilifaulu."

Nikamwambia hapana. Nikakata simu. Nikafungua ile orodha nikaitazama. Kukatika kwa umeme ipo. Msiba upo. Kujifungua kupo. Mtu kubishiwa hodi na kujibu, haipo.

Jumatatu, 2 Juni

Nimeiweka. "Naishi na mama wa mume wangu, mtu mzima ambaye akili yake imepungua, haelewi maelekezo." Binti yangu alinisaidia kuipandisha kwenye mfumo na hakusema kitu. Kutosema kwake nilikusikia.

Nimejiambia haimdhuru mtu. Mama hatajua, na kule hawamjui.

Jumatatu, 9 Juni

Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nimejitosa kwenye maji mengine. Kamati imejibu: itakutana nami kwa video tarehe ishirini na moja, na ili kuthibitisha sababu, "mgonjwa husika aonekane kwa dakika chache."

Jumanne, 10 Juni

Nimemwambia Mama. Nilingoja amalize kola aliyokuwa akiishona, nikakaa kwenye kigoda nikamweleza yote, macho yangu yakiwa kwenye marundo ya sare. Nilitegemea alie, au afungashe. Ningependa afungashe, ningejua la kufanya.

Mama akakata uzi kwa meno. "Mbona hukusema mapema?"

"Nisamehe, Mama."

"Nisamehe ya nini? Nimekuharibia, nitakutengenezea. Kichaa cha kiasi gani wanataka? Cha kupiga watu au cha kuongea peke yake?"

"Hakuna kupiga watu, Mama."

"Basi cha kuongea."

Nikaingia chumbani nikafunga mlango. Akafuata, bila hodi, kuniuliza kama avue miwani.

Jumamosi, 14 Juni

Nyumba hii inanimaliza. Mama anafanya mazoezi. Asubuhi alimwita binti yangu kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Binti akamwambia, "Bibi, usitabasamu baada ya kusema, unajiumbua." Wanacheka hadi wanashikana. Mimi naenda kazini nimepooza, nao wanafurahia.

Jioni mume wangu akapiga simu, na Mama akapokea yeye.

"Mama, shikamoo."

"Wewe nani?"

"Mama, ni mimi."

"Mimi sina mtoto wa kiume. Nina mbuzi tu."

Akakata simu, akanitazama kama mtoto aliyemaliza shairi jukwaani. Nikampigia mume wangu mara saba, hakupokea. Alikuwa ameshageuza lori.

Jumapili, 15 Juni

Amefika na macho mekundu ya usingizi, akamkuta mama yake anashona, mzima, akimuuliza kwa nini hajala. Ikabidi nimwambie.

Sijawahi kumwona mume wangu akikosa sauti. Yeye ni mtu wa kupiga kelele, na kelele zake nimezizoea.

"Umemwandika mama yangu kichaa."

"Amekubali mwenyewe."

"Mama yangu angekubali hata ungemwandika amekufa," akasema. "Hiyo si ruhusa."

Akapanda juu ya paa hapo hapo, na nguo za safarini, akagonga misumari hadi giza. Nilikasirika sana. Kumbe miezi yote hiyo ilitosha tu apigiwe simu na kichaa.

Jumatano, 18 Juni

Nilikuwa natayarisha uji, Mama akaja jikoni akaanza kupanga vijiko vilivyokwisha kupangwa. Kumbe ana neno.

"Hayo maandishi uliyowapelekea. Yanabaki huko?"

"Yanabaki, Mama. Kwenye mfumo wao."

"Na jina langu?"

"Na jina lako."

Akasogeza kijiko kimoja. "Nauliza tu. Mjukuu wangu akija kusoma hapo, atayakuta?"

Nikamwambia hayaonekani na kila mtu. Akasema vizuri, akarudi kwenye cherehani. Haikulia kwa muda mrefu. Nilisimama na mwiko mkononi, uji ukashika chini.

Jumamosi, 21 Juni

Kamati ilikuwa ya watu watatu: mwenyekiti, ambaye ni mama mwenye miwani inayoning'inia shingoni, mwanasheria wa chuo, na Dokta Mnanisikia, kama mwalimu wa somo. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma ya mlango, nikiviona viatu vyake kwa chini.

Mama alivaa gauni alilolishona usiku wa kuamkia jana, akalifunga vifungo kwa makusudi vibaya. Nilimwambia hakuna haja ya kuzidisha. Akasema hii ndiyo fani.

"Mama, shikamoo," mwenyekiti akaanza.

Hakuitikia. Mama mkwe wangu, ambaye humsalimia hata mtangazaji wa redio, alitazama dari, asiitikie. Nikajua imeanza.

"Mama, unajua hapa ni wapi?"

"Sokoni," akasema. "Lakini nyanya zenu zimeoza."

Mwenyekiti akabana midomo. "Na huyu aliyekaa karibu nawe ni nani?"

Mama akanigeukia. Akanitazama usoni taratibu, kana kwamba kweli ananitafuta, nami nikaogopa, kwa sababu nimeona macho ya namna hiyo hospitalini na hayakuwa ya kuigiza.

"Simjui," akasema. "Ananiibia sukari."

Dokta akajifunika mdomo kwa mkono, mabega yakicheza. Mwanasheria akaandika, kisha akamwambia mwenyekiti bila kuzima sauti, "Sioni haja ya kuendelea. Huyu keshapotea." Na mwenyekiti akaniuliza mimi, akimruka Mama kama kiti kisicho na mtu: "Pole sana, dada. Mnamfungia ndani mchana, au anazurura?"

Mama alisikia. Hakuacha kuigiza, alitikisa kichwa vile vile alivyojizoesha, lakini mikono yake ilishuka mapajani ikashikana. Ndivyo alivyokaa siku ile niliposoma sheria za mtihani.

"Mama, basi," nikasema. "Inatosha."

Akanifinya chini ya meza, finyo la kweli.

"Mwenyekiti, hamna mgonjwa hapa. Mama ana akili timamu kuliko mimi niliyeandika yale. Siku ile paa lilikuwa linavuja, akaniletea beseni. Kwa sababu nilikuwa nimemkataza kuingia, akabisha hodi. Nami nikamkaribisha. Ndiyo mazungumzo yote hayo."

"Ulijua hutakiwi kusema neno," akasema mwenyekiti.

"Nilijua. Wewe ukibishiwa hodi na mama mkwe wako, unanyamaza?"

Mwanasheria alijibu kwa niaba yake. "Kwa hiyo maelezo uliyotuma kwa maandishi ni ya uongo?"

"Ni ya uongo."

"Nyanya zimeoza!" Mama akapaza sauti, akijaribu kuokoa jahazi.

"Mama!"

"Nimesema zimeoza, na huyu simjui!"

Dokta akazima kamera yake. Mwenyekiti akavaa miwani, akasema uamuzi utakuja kwa barua, akaongeza, kwa sauti nyingine kabisa, "Asante, Mama." Mama alisahau alipo, akamjibu, "Haya mwanangu, ahsante nawe, wasalimie nyumbani." Hapo hata mwanasheria aliweka kalamu chini.

Kioo kilipozimika Mama alinigeukia. Nimeishi naye zaidi ya mwaka, sijawahi kumwona amekasirika hivyo.

"Mtu amejitoa akili kwa ajili yako, mbele ya watu wenye shahada, tena nimeshawashika wote, halafu wewe unamrudishia bila hata kumuuliza!"

"Nisingeweza, Mama."

"Kwa nini usingeweza? Kazi ilikuwa yangu, si yako!"

"Kwa sababu waliamini. Ulisikia walivyoanza kukusema?"

Akaanza kufungua vile vifungo alivyovikosea, kimoja kimoja, akivifunga upya mahali pake. Nikamsaidia, naye akaniacha nimsaidie. Kisha akasema hatasema nami mpaka atakapojisikia, akatoka.

Ijumaa, 27 Juni

Hajajisikia.

Jumatatu, 30 Juni

Leo nimekabidhi funguo za wodi. Msimamizi mpya ni msichana mwenye shahada, amekuja na kalamu za rangi nne. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Kinachoniudhi ni kwamba si mbaya. Alizunguka vitanda vyote kabla ya kukaa, akaniuliza mtoto yupi tumwangalie zaidi leo. Nikamwonyesha. Kisha nikaenda chooni, maktaba yangu ya zamani, nikalia kwa hasira, nikanawa uso, nikarudi zamu. Miaka sita si kitu cha kuvua kama aproni.

Barua ya chuo ilikuwa imeingia nilipofika nyumbani. Nikaisoma sebuleni, kwa sauti, kwa sababu nimechoka na mambo ya kusoma peke yangu. Mtihani wangu umefutwa. Kwa kutoa maelezo ya uongo nimepewa onyo la maandishi. Kwa kuwa nimesema ukweli mwenyewe kabla ya uamuzi, sirudii somo zima. Nitaurudia mtihani Septemba, tena kituoni, si nyumbani. Shahada nitaipata, kama nitaipata, wakati wodi imeshapata mtu.

Mume wangu akasema pole, mke wangu. Binti akaja akaniegemea begani. Cherehani haikusimama.

"Kuna kipengele kingine," nikasema. Nikasoma: "'Kamati imemhoji mama mkwe wa mtahiniwa, na imejiridhisha pasipo shaka kwamba ni mtu mwenye akili timamu. Maelezo yaliyotangulia kumhusu yameondolewa katika kumbukumbu za chuo.'"

Cherehani ikasimama.

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

"Wameandika jina langu?"

"Wameandika. Lote, kwenye mabano."

"Na muhuri upo?"

"Upo, Mama. Na saini tatu."

Akavua miwani akaifuta kwa kipande cha kitambaa cha sare, akaivaa, akaja kusimama nyuma yangu autazame ule mstari kwa macho yake. Nilikuwa nimempoteza wiki nzima, sasa kidevu chake kilikuwa juu ya bega langu na kilikuwa kizito. Nilitaka kumwambia nampenda, na kwamba amenichosha kupita kiasi, na kwamba ningejua angelikuwa mama yangu namna hii ningeanza kugombana naye mapema zaidi. Nikasema, "Nisamehe."

"Hayo yameondolewa kwenye kumbukumbu," akasema. "Umesikia wenyewe walivyoandika."

Kisha akamtuma binti yangu dukani kwa mpiga chapa kabla hawajafunga, aitoe barua kwenye karatasi nene na aitie plastiki. Sasa hivi ninavyoandika iko ukutani juu ya cherehani, na wateja wawili wa sare wameshaonyeshwa. Nimesoma miaka mitatu, nimelipa ada, nimekesha. Na katika nyumba hii aliyepewa karatasi na chuo kikuu ni mama mkwe wangu.